Kiingereza cha mdomoni: kujifunza nahau na maneno ya mazungumzo kwa anayekutana na wageni

Mgeni akishuka uwanja wa ndege akamwambia dereva "hakuna matata", dereva hujua pale pale kwamba neno lile limetoka kwenye fulana. Kosa la sarufi halipo. Ila watu wa Unguja hawasemi hivyo. Wanasema hamna neno, hapana taabu, hamna shida. Kiingereza nacho kina "hakuna matata" zake, na kubwa yao ni "it's raining cats and dogs". Imo katika kila orodha ya nahau, skuli zimeifundisha tangu zamani, na Mwingereza wa leo ni nadra kuitamka ila kwa mzaha. Masika yakimkuta Jambiani atasema "it's pouring", au "it's chucking it down" akiwa Mwingereza wa Uingereza hasa.

Kwa hiyo usitafute hapa orodha ya nahau mia. Kilichopo ni namna ya kuzikamata zile zinazosemwa kweli, kuzipima, na kuamua ipi uitie mdomoni na ipi uiache ikae sikioni.

Sikio kwanza

Nahau unayoielewa haina madhara. Unayoisema mahali si pake ndiyo inayoudhi au kuchekesha. Basi weka mafungu mawili tangu mwanzo: ya kusikia na ya kusema. Okota maneno matano kwa wiki, matatu ya kusikia na mawili ya kusema. Matano yanatosha. Anayejitwika ishirini mwisho wa mwezi huyachanganya yote.

Kila neno lipe mistari minne katika daftari. Wa kwanza, sentensi nzima kama ulivyoisikia. Wa pili, nani kamwambia nani, na wapi. Wa tatu, maana kwa Kiswahili cha kawaida. Wa nne, jibu alilopewa. Wengi huandika wa kwanza na wa tatu tu, na makosa huanzia hapo. Tazama:

We're gonna call it a day.
Mama wa makamo kwa kiongozi wa wapiga mbizi, saa tisa alasiri, boti iko Mnemba.
Tuishie hapa kwa leo.
Jibu: No problem, let's head back.

Ukiwa na mstari wa pili unajua kwamba neno hili husemwa mtu akiwa amechoka au ametosheka na kazi, wala si la ugomvi. Ukiwa na wa nne unajua la kujibu siku utakapoambiwa wewe.

Rudia kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Funika mistari mitatu ya chini kwa kiganja, soma wa kwanza, jaribu kukumbuka. Dakika kumi zinatosha. Lile la kusema ambalo mpaka siku ya 30 hujapata pa kulitumia, lifute. Halina kazi kwako, hata likiwa tamu.

Kwa maana, usiitie sentensi kwenye programu ya kutafsiri ukaridhika na jibu la kwanza. Nahau mara nyingi hurudi imevunjwa neno kwa neno. Tafuta msemo mzima katika kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, ambayo ni bure, na usiishie kwenye maana. Angalia alama zilizo kando: UK au US hukwambia inasemwa wapi, "informal" kwamba ni ya mazungumzo, "offensive" kwamba ni ya matusi au dharau. Ukiona "old-fashioned", hiyo ndiyo nahau ya fulana.

Mtu wa Wete au Micheweni anaweza kumaliza wiki hajaonana na mgeni hata mmoja. Huyo asitegemee taarifa ya habari, maana msomaji wa habari husema Kiingereza cha karatasi. Asikilize mahojiano, na asikilize mpira. Mashabiki wa ligi ya Uingereza wanajua nahau nyingi kuliko wanavyodhani. Anayesema timu "imepaki basi" ameshatafsiri "park the bus". Kilichobaki ni kujua zipi zimetoka uwanjani zikaingia mtaani. "Move the goalposts" ni kubadili masharti kazi ikiwa katikati, kama mteja aliyelipia safari ya Jozani akadai na Kizimkazi imo. "Own goal" nje ya mpira ni mtu kujiharibia mwenyewe.

Hujambo ya Kiingereza

Ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo hata kama una homa. Homa utaitaja baadaye. "You all right?" ya Mwingereza ni hiyo hiyo. Hajakuona umechoka, wala haulizi afya. Mjibu "Yeah, not bad, you?" yakaisha. Mmarekani atasema "How's it going?" au "What's up?", na ya pili jibu lake ni "Not much". Kosa la kawaida ni kuijibu "I'm fine", maana "what's up" inauliza kuna nini.

"Cheers" kwa Mwingereza ni asante, ni kwaheri, na ni neno la kugonganisha glasi. Kwa Mmarekani zaidi ni hilo la glasi tu. Kwa hiyo ukimfungulia mlango mtu akasema "cheers", hajakuomba kinywaji.

"Thank you, love" au "thanks, darling" kutoka kwa bibi wa Kiingereza si mahaba. Ni kama mama wa kwetu anavyomwita kijana asiyemjua "mwanangu". Kijana wa hoteli asijenge nyumba juu yake, na asimrudishie kwa "love" yake. "Mate" ni ya wanaume wa rika, Waingereza na Waaustralia. Usimpe mzee wala mwanamke. Na "my friend", ingawa haina kosa, papasi, wale vijana wanaowaganda watalii njiani, wameichosha. Mgeni aliyekwishaisikia mara kumi kati ya bandarini na Forodhani huziba masikio akiisikia ya kumi na moja. "Good morning" hufanya kazi nzuri zaidi.

Ndiyo iliyo hapana

Hapa pana hasara ya fedha, kwa hiyo tukae kidogo. Mgeni anauliza mapokezi: "You don't have any rooms tonight?" Kwa Kiswahili ungejibu "ndiyo, hatuna", ukimaanisha umesema kweli. Ukijibu "Yes", Mwingereza huenda akasikia vyumba vipo, akaanza kuteremsha mizigo. Kiingereza hakijali swali limeulizwa kwa kukanusha au la. Kinatazama jambo lenyewe. Vyumba havipo, basi ni "No". Ukihofia kuchanganyikiwa, acha kabisa yes na no, sema sentensi: "We're full tonight, sorry."

Dada yake ni "Do you mind if I sit here?" Anauliza kama utakereka. "Yes" maana yake nakereka, usikae. Jibu la karimu ni "Not at all" au "Go ahead".

Na "I'm good" unapomwongezea mtu chai ni "sitaki, asante". Usiendelee kumimina kwa kudhani anaisifu.

Saa

"Pick us up at half seven." Mwingereza amekusudia 7:30, kwetu saa moja na nusu. Dereva ana kazi mbili hapo: kuijua "half seven", na kuigeuza kutoka saa za kizungu. Akikosa moja, mgeni anaachwa na boti.

Linazidi kuwa gumu mgeni akiwa Mjerumani. Katika lugha yake nusu huhesabiwa kuelekea saa inayokuja, na akiihamishia kwenye Kiingereza, "half eight" yake ni 7:30. "Half eight" ya Mwingereza ni 8:30. Tofauti ni saa nzima. Dawa ni moja: rudia kwa tarakimu kabla mgeni hajaondoka. "So that's seven thirty in the morning?" Usione haya kuuliza, Mmarekani mwenyewe "half seven" humbabaisha.

Mkia wa "-ish" hulegeza saa: "sevenish" ni saa moja hivi. "A fortnight" ni wiki mbili. "A couple of days" ni siku mbili, lakini kwa wengi hata tatu zimo. "Tuesday week" si Jumanne hii ijayo, ni ile ya wiki inayofuata. Na "next Friday" wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani ni ipi, kwa hiyo katika kuweka nafasi omba tarehe.

Bei, na lawama za upole

"Bucks" ni dola, "quid" ni pauni. "Quid" haiongezwi s: "fifty quid". "A grand" ni elfu moja. "What's the damage?" ni mzaha wa kuuliza bili ni kiasi gani; hakuna kilichovunjika. "It's on me" maana yake nalipa mimi.

Mwenye duka la Mji Mkongwe akiambiwa "That's a steal!" asidhani ametuhumiwa wizi. Ni bei ya kutupa, na mgeni anakaribia kununua. Lililo baya ni "rip-off": mgeni ameona bei ni ya kuchuna ngozi.

Kukataa kwa Waingereza ni kwa upole, na anayejua soko la Darajani ataelewa upesi. Mnunuzi wa kwetu akisema "ngoja nizunguke kwanza", muuzaji hajamwekea bidhaa kando. "I'll have a think" na "I might pop back later" ni hiyo ngoja nizunguke. Mwachie njia kwa "No worries, we're open till six." Ukimfuata mpaka nje umempoteza.

Jikoni, chunga "a bit". Mwingereza akisema "the soup's a bit cold", supu ni baridi, basi. "A bit" haipunguzi kosa. Inapunguza makali ya kulitaja. Mhudumu anayetabasamu akaondoka, kwa kuwa ameambiwa "kidogo", atakuta lalamiko limeandikwa mtandaoni usiku huo huo. Jibu ni "I'm so sorry, let me warm that up for you", na sahani iondoke mezani. Upande wa pili, "not bad at all" ni sifa kubwa, usiihuzunikie. "Quite good" ya Mmarekani ni nzuri sana, ya Mwingereza mara nyingi ni ya wastani.

Unapotafsiri Kiswahili chako

Kuna maneno yetu ambayo yakivuka hubeba mzigo mwingine. Mtu akijikwaa kwenye ngazi tunasema pole. Ukisema "sorry", baadhi ya wageni hujiuliza umefanya nini. Sema "Are you OK?" Kwa aliyesimulia mkasa, "Oh no, that's awful."

Mhudumu anaondoka mezani kwenda jikoni, anasema "I'm coming". Kwetu nakuja ni ahadi ya kurudi. Mgeni anaona mtu anamwambia anakuja huku akimpa mgongo. Kinachotakiwa ni "I'll be right back".

"You are lost" kwa rafiki aliyeadimika: sema "Long time no see". "You have become fat" iache kabisa, hata kama kwako ni sifa. "Karibu" ya chakula si "welcome food", ni "Would you like some?" au, sahani ikiwa ya wote, "Help yourself." Na nipe si "give me", kwa Kiingereza hiyo ni amri. "Could I have your passport, please?"

Vitenzi vya mkia

Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika na piga: piga pasi, piga simu, piga picha, piga hodi, na hakuna anayepigwa. Kiingereza kinalipiza kwa vitenzi vyenye mkia: pick up, drop off, set off, put off, call off, run out, turn up, sort out. Kwa anayefanya kazi na wageni, hivi vina faida kuliko nahau zote za kuchekesha. Vijifunze kwa jozi zinazogongana. "Put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta. Bahari ikichafuka, nahodha akisema safari "is put off till tomorrow" mgeni anabaki. Akisema "it's called off" anadai fedha zake. "Set off" ni kuanza safari, "turn up" ni kutokea mahali, mara nyingi bila taarifa au kwa kuchelewa.

Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza ni mpangilio: me, you, him, them hukaa katikati. "I'll pick you up", kamwe si "I'll pick up you". La pili ni mkazo. Kiswahili mkazo wake hutulia silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo wetu hupenda kuubakiza mahali pamoja. Katika vitenzi hivi mkazo hushuka kwenye mkia: pick UP. Ukikaza mwanzo, PICKup, umetaja gari, ile pikapu.

Usiposikia mkia, usilaumu masikio yako. Waingereza humeza. "What are you up to?" hufika kama "wotcha-up-tu". "Gonna", "wanna" na "gotta" zisikie, zitambue, lakini kwenye barua pepe ya hoteli andika "going to". Dawa ya sikio ni sekunde kumi za sauti: sikiliza mara tatu bila maandishi, andika ulichosikia, kisha fungua maandishi ukague ulipoteza wapi. Baada ya hapo sema pamoja na msemaji kwa kasi yake, hata ukitamka ovyo. Sekunde kumi zilizokaguliwa hivyo zina faida kuliko saa nzima ya filamu unayosoma maandishi ya chini. Pia hazimalizi bando.

Za baharini

Nahau hukumbukwa vizuri zikipangwa kwa chimbuko, na Kiingereza ni lugha ya watu wa visiwa kama sisi. "Show someone the ropes" ni kumfundisha mgeni kazi, na anayejua jahazi lina kamba ngapi haulizi kwa nini. "Plain sailing" ni jambo lisilo taabu. "Miss the boat" ni kuikosa nafasi. "Don't rock the boat" ni usichokoze mambo yaliyotulia. Aliyewahi kupanda ngalawa ameshaelewa. "Three sheets to the wind" ni mtu aliyelewa chakari. Sheet hapa si shuka, ni kamba ya kushikia tanga, ile demani ya mabaharia wetu. Zikiachiwa, chombo huyumba. Sisi tungesema kavaa miwani.

Wamarekani zao nyingi zimetoka kwenye besiboli, mchezo ambao hapa hauchezwi, ndiyo maana hukaa vibaya kichwani. "Rain check" ilikuwa tiketi ya kurudi siku nyingine mvua ikivunja mchezo. Leo "I'll take a rain check" ni "si leo, labda siku nyingine". "Ballpark figure" ni makadirio. Ukiombwa ya gharama, taja kiasi cha mviringo, na useme kwamba ni makadirio.

Chimbuko lisipoonekana wazi, liache. Hadithi nyingi za mtandaoni za nahau ilikotoka zimetungwa baadaye, na zinakula muda wa mazoezi.

Nani wa kuambiwa

Mwanamke wa kwetu havai kanga bila kusoma jina lake, akaenda nayo kwa mawifi. Nahau nayo ina wasomaji wake. "Amefariki", "amekufa" na "amedanja" zina maana moja, lakini hutamwambia mfiwa ile ya tatu. "Kick the bucket" ni amedanja. Mgeni akikwambia kafiwa na babake, sema "I'm sorry for your loss", na wewe mwenyewe tumia "passed away".

Maneno mengine hubadilika yakivuka bahari ya Atlantiki. "Pissed" Uingereza ni mlevi, Marekani ni mwenye hasira, na kote si neno la kazini. "Pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi. Wa dobi atumie "trousers", hata Mmarekani ataelewa. Matusi mgeni huyasema kwa kucheka, lakini ucheshi huo ni wake na wenziwe. Akitukana kwa furaha, cheka, usiige.

Tena, sehemu kubwa ya wageni wa Kiwengwa na Nungwi Kiingereza si lugha yao. Mtaliano au Mpolandi aliyejifunza skulini, ukimwambia "let's play it by ear", atakutazama tu. Kwa hao sema wazi: "We decide tomorrow, after we see the weather." Sikiliza sentensi zake mbili za kwanza. Akizimeza na kuzikatakata, mrudishie ya mtaani. Akizipanga moja moja, nawe panga.

Na wewe ukirushiwa usiyoijua, usitikise kichwa. Sema "Sorry, I don't know that one. What does it mean?" Mwenye lugha hupenda kueleza, na mstari wa tatu wa daftari umeshaupata. Uandike kabla hujalala.